Saa Kumi na Saba Bila Dawa

Miaka saba ya kwanza sikumpenda wifi yangu, na sababu ilikuwa moja tu: alikuwa mtu asiyekosea. Chumvi yake haikuzidi, bawaba za mlango wake hazikulia, na ukimwambia utafika saa nne ukafika saa nne na dakika kumi, ulimkuta ameshakaa kitini anakutazama, hasemi kitu, na ukajiona mjinga kabla hujasalimia. Kaka yangu alikuwa fundi wa vioo, mtu aliyezoea kuishi na vitu vinavyovunjika, na hakumwogopa. Alimwita Afande. Alimwita hivyo mbele ya wageni, wifi akajifanya amenuna, kisha akienda jikoni ungemsikia anacheka peke yake.

Baadaye nilimpenda. Nasema mapema, mtu asije akadhani nasimulia haya kwa chuki.

Kazi yake ndiyo iliyomfanya awe vile. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu katika kliniki ya kifua kikuu, kwenye chumba chenye meza ndogo, jagi la maji, vikombe vya plastiki, na dirisha lililokaa wazi mvua inyeshe jua liwake. Hakuwa daktari wala muuguzi. Kazi yake ilikuwa kuwatazama watu wakimeza. Mgonjwa anaingia, anapewa vidonge vyake, anameza, wifi anasema, "Fungua. Inua ulimi," kisha anatia alama kwenye kadi. Mtaani wakamwita Mama Kadi. Walikuwepo wajanja waliobana kidonge shavuni ili wakakiteme nje, naye aliwajua kwa mwendo tu. "Wewe bwana mkubwa, hebu rudi. Kuna kitu umesahau mdomoni." Na wanaume wazima wenye ndevu zao walirudi vichwa chini wakameza.

Kabla ya kupata kazi hiyo, ugonjwa huohuo ulikuwa umemchukua mdogo wake wa kiume. Alikunywa dawa miezi miwili, akajisikia nafuu, akaanza kuruka siku. Leo anakunywa, kesho hanywi, keshokutwa amesahau. Wifi ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Tangu hapo habari ya dawa kwake haikuwa na mjadala. Dawa iko kwenye damu au haiko, na saa ambayo haiko, ugonjwa umepata mwanya. Aliwaambia hivyo wagonjwa wake wote, na wengi kati yao wako hai hadi leo kwa sababu ya mwanamke huyo na ukali wake. Siwezi kumnyang'anya hilo.

Alipostaafu alirudi nyumbani kumsaidia kaka kwenye karakana, kibanda cha mabati kilichoegeshwa ubavuni mwa nyumba. Mle ndani vioo vilisimama vimeegemea ukuta na magazeti katikati yake, na meza ya kukatia ilitandikwa blanketi kuukuu. Kaka alikata kwa kalamu ya almasi aliyoitunza kama mboni ya jicho. Alipima mara moja, akapitisha rula, akavuta mstari mmoja kwa pumzi moja, kisha akagonga kwa chini, tak, kioo kikaachia. Hakuwa na gari. Kioo cha dirisha moja alikifunga mgongoni kwa mikanda. Cha madirisha mawili alitafuta mtu wa kushika upande wa pili.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja kifua kilipoanza kumbana. Hakutuambia. Aliona ni gesi. Akipanda mlima na mzigo kifua kinakaza, anasimama, kinaachia, anaendelea. Siku moja wifi alitoka sokoni akamkuta katikati ya mlima, kioo mgongoni, anasoma tangazo la kuuza kiwanja.

"Unanunua kiwanja?" akamuuliza.

"Naangalia tu."

"Umeangalia tangu nilipokuwa kule chini kwenye kona. Weka kioo chini, twende hospitali."

Hospitali wakasema mishipa inayopeleka damu kwenye moyo imekuwa myembamba, na ndiyo maana akifanya kazi nzito moyo unalalamika. Akaandikiwa dawa kadhaa. Zinazohusu habari hii ni mbili: vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi maumivu yakianza, na vingine vya kunywa kila siku ili maumivu yasianze kabisa. Duka langu la nyuzi na vifungo liko mlango wa tatu kutoka duka la dawa, kwa hiyo karatasi ya daktari nikaletewa mimi.

Mfamasia ni baba mmoja wa makamo mwenye miwani, na sikio lake moja halisikii vizuri, basi huongea kama yuko ng'ambo ya mto. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu sita.

"Hivi vidogo atembee navyo mfukoni, ndani ya chupa yake hiihii," akasema. "Maumivu yakianza aache anachofanya, akae chini, aweke kimoja chini ya ulimi. Dakika tano zikipita hayajaisha, msikae kumtazama, mkimbizeni hospitali. Na hivi vya kila siku si vya kuzima maumivu yaliyokwisha kuanza, ni vya kuzuia. Kimoja saa moja asubuhi, kimoja saa nane mchana. Basi. Asinywe tena mpaka kesho yake asubuhi."

"Mbona karibu karibu hivyo?"

"Ndivyo inavyotakiwa. Mwili ukikaa na dawa hii usiku na mchana unaizoea, na ukishaizoea dawa haifanyi kitu. Lazima upewe saa nyingi za kupumzika. Kichwa kitamuuma siku za mwanzo, asiogope. Akiinuka kitandani ainuke polepole, asije akapata kizunguzungu akaanguka. Asiache ghafla bila kumuuliza daktari. Na la mwisho, mama." Akashusha miwani. "Asithubutu kutumia zile dawa za kuongeza nguvu za kiume! Zikikutana na hizi presha inaporomoka, mtu anakufa. Mweleze mwenyewe, asikie!"

Nyuma yangu mtu akakohoa.

"Ni kaka yangu," nikasema kwa sauti ya chini.

"Kaka yako si mwanamume?"

Foleni nzima ikavunjika mbavu. Nikachukua mfuko wangu nikatoka uso ukiniwaka.

Sasa niambie, mimi na kaka yangu, tumbo moja, yeye amenilea tangu baba afariki, nitaanzia wapi kumwambia maneno kama hayo? Nilifika nyumbani kwao nikampita karakanani bila kumtazama, nikaenda moja kwa moja jikoni nikamvuta wifi mkono. Nikamweleza. Wifi akanitazama. Kisha akaanza kutetemeka mabega, na nikaona kwa mara ya kwanza maishani mwangu Mama Kadi akishikilia ukingo wa sinki asianguke kwa kicheko.

"Kaka yako?" akasema alipopata pumzi. "Akifunga kamba za viatu tu anahema! Hizo nguvu akizipata atazipeleka wapi?"

Tulicheka mpaka machozi. Kaka akapiga kelele kutoka karakanani, "Nyie mna nini huko?" ndipo tukazidi. Na katika kicheko hicho, huku nafuta macho kwa kanga, nikamalizia maagizo yaliyobaki kama mtu anayemalizia makombo.

"Ee, na hivi vya kila siku, anywe saa moja na saa nane mchana."

Wifi akaacha kucheka. "Saa nane? Halafu usiku kucha alale hivihivi, damu haina dawa?"

"Ndivyo alivyosema."

Akachukua bahasha akasoma. Mfamasia alikuwa ameandika moja mara mbili, basi. "Mara mbili kwa siku," akasema wifi, na sauti yake ilikuwa ile ya kliniki. "Siku ina saa ishirini na nne. Mara mbili ni kila baada ya saa kumi na mbili. Saa moja na saa moja. Huyo bwana kachanganya, au ana haraka ya kufunga duka."

Sababu nilikuwa nayo mdomoni. Mwili unaizoea. Maneno mawili tu, na mimi si mtu wa kukosa maneno, muulize yeyote aliyewahi kunirudishia vifungo. Lakini jikoni mle tulikuwa tumecheka kama ndugu, mimi na mwanamke niliyemwogopa miaka yote hiyo, na sikutaka kuanza kubishana naye juu ya dawa, yeye aliyeshika dawa miaka kumi na tisa, mimi muuza nyuzi. Nikasema, "Wewe ndiye unayejua."

Siku za mwanzo kichwa kilimuuma kweli. Alikata vioo amefunga kitambaa kibichi kwenye paji la uso, akitania kwamba sasa ndiyo ameanza kufikiri. Lakini kifua kiliachia. Kwa siku nne, tano, alikuwa mtu mpya. Alipanda mlima na kioo mgongoni akaja mpaka dukani kwangu kujionyesha, akasimama mlangoni anahesabu pumzi zake kwa sauti ili nisikie zilivyo chache. Kichwa nacho kikaacha kumuuma. Tukashukuru.

Kabla wiki ya pili haijaisha, kifua kikabana tena. Kwanza mlimani, kisha kwenye ngazi, kisha akiwa amesimama tu mezani anavuta mstari. Mkono ukamcheza, kioo kikakatika pembeni ya alama. Sijawahi kusikia kaka yangu akiharibu kioo kwa mkato. Alikaa akakitazama kipande kile muda mrefu.

Na wifi, kwa akili yake yote, alijua jibu moja tu kwa mgonjwa asiyepona wakati dawa anapewa. Mgonjwa huyo hamezi.

Nilikuwepo siku aliyoanza. Kulikuwa na mteja karakanani, mama mmoja mtu mzima aliyekuja kuchukua kioo cha picha. Saa ya ukutani ikafika saa moja asubuhi, wifi akatokea na kikombe. Kaka akapokea, akameza.

"Fungua," akasema wifi.

Kaka akacheka kidogo. "Afande, kuna mteja."

"Fungua. Inua ulimi."

Mteja akageuka akatazama ukuta. Kaka akanitazama mimi, na mimi nikajifanya nachambua magazeti. Basi akafungua mdomo. Mtu wa miaka sitini na mmoja, fundi aliyeweka vioo nusu ya madirisha ya mtaa ule, akasimama mdomo wazi katikati ya kazi yake mkewe akimchungulia chini ya ulimi. Toka siku ile hakumwita Afande tena. Alimwita "mama", kwa adabu, kama unavyomwita mtu usiyemjua.

Ilikuwa hivyo kila siku, asubuhi na jioni. Na kila kifua kilipombana, wifi alizidi kukaza. Akaanza kupekua mifuko ya suruali. Akachunguza udongo nyuma ya karakana kama kuna kidonge kilichotemwa. Hakupata kitu, na kutopata kukamfanya aamini kwamba mumewe amekuwa mjanja kuliko wote aliowahi kuwashika.

Siku moja kaka alikuja dukani kwangu bila kioo wala sababu. Akakaa kwenye stuli katikati ya maboksi ya vifungo, akachukua kimoja cha koti akawa anakigeuzageuza.

"Mdogo wangu, naapa nameza," akasema. "Nameza vyote. Lakini ni kama nameza chaki."

"Labda dawa imepoteza nguvu."

"Yeye anasema namdanganya. Miaka thelathini na nne, mdogo wangu. Nimdanganye ili iweje? Nife?"

Nilikumbuka maneno ya mfamasia wakati ule? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi, na ningependa kujibu kwamba sikukumbuka. Nilikumbuka. Nilikumbuka kama unavyokumbuka uko njiani kwamba huenda umeacha jiko linawaka, ukajiambia hapana, nilizima. Nikamwambia, "Mweleze daktari." Akakirudisha kifungo kwenye boksi lake, boksi lilelile sahihi, akaondoka.

Siku ya kurudi hospitali nilikwenda nao. Daktari hakuwa yule wa kwanza, na nje watu walikuwa wamekaa hadi kwenye ngazi. Akauliza, "Dawa anakunywa vizuri?"

Wifi akafungua mkoba, akaweka mezani kadi aliyoichora mwenyewe kwa rula, wiki sita, alama mbili kila siku. "Hajakosa hata kimoja."

Daktari akaichukua akaitazama, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Mzee, una bahati. Wagonjwa wangu wote wangekuwa na mke kama huyu, ningelala usingizi." Alama alizihesabu. Saa hakuuliza, na kwenye kadi zilikuwa zimeandikwa juu kabisa, kwa herufi ndogo. Akaongeza kipimo cha dawa. Kaka alikuwa anatazama dirisha la chumba kile, na najua alikuwa anaona putii ya kushikia kioo imepasuka.

Karatasi mpya ikaja kwangu. Jumanne alasiri nikaenda kwa mfamasia. Safari hii hapakuwa na foleni, nilikuwa peke yangu, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Akaisoma akakunja uso. "Wameongeza. Bado kinambana?"

"Kinambana sana."

"Anakunywa saa moja na saa nane, kama nilivyokueleza?"

Ulimi ulikuwa wangu. Duka lilikuwa kimya. Nikasema, "Ndiyo."

Usiniulize kwa nini. Aliniangalia kupitia miwani yake na nikaona tayari atakavyonisema, mtu mzima mimi, nimeagizwa neno moja nikashindwa kulifikisha. Nikachagua aibu isiyoonekana. Akafunga vidonge kwenye bahasha, na safari hii akasema kwa sauti ndogo, "Basi kama anakunywa hivyo na bado anaumia, hali si nzuri. Arudi hospitali haraka, wampime zaidi."

Njiani nikaapa kwamba leo namwambia wifi, anitukane, anifukuze, liwalo na liwe. Nikamkuta jikoni anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Alikuwa amekonda. Mimi nilikuwa nimemtazama kaka tu wiki zote hizo, sikumwona yeye.

"Wifi," akasema kabla sijakaa, "nimechoka. Mtu analala na dawa, anaamka na dawa, na asubuhi ameisha. Nawaza tumpe mara tatu, kila baada ya saa nane. Si wameongeza wenyewe?"

"Usithubutu," nikasema. "Wifi, yule mfamasia alisema…"

"Yule wa nguvu za kiume?"

Na akatabasamu. Kitabasamu kidogo, kilichochoka, cha kwanza baada ya mwezi mzima. Nikamwonea huruma. Nikatabasamu na mimi. Nikaweka bahasha mezani nikasema usiongeze kitu, nitakuja kesho tuongee vizuri. Akasema sawa, hataongeza. Nikarudi kwangu nikiwa na nafuu moyoni, kana kwamba nimeshasema.

Kesho yake asubuhi kaka alikuwa na kioo cha kupeleka ghorofa ya nne, kwenye jengo la ofisi. Msimamizi wa jengo lile ndiye aliyeshika upande wa pili, na ndiye aliyetusimulia, akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Tulipofika ghorofa ya pili alisema, 'Tuweke chini kidogo.' Tukaweka. Akakiegemeza ukutani, akasokomeza blanketi kwa chini kisiteleze. Hapo ndipo akakaa. Akatoa chupa mfukoni akaweka kidonge chini ya ulimi, tukasubiri. Nikamuuliza, 'Vipi fundi?' Akasema, 'Na hiki nacho chaki.' Sikumwelewa. Nikateremka mbio kutafuta gari. Niliporudi na dereva, mzee alikuwa ameegemea ukuta pale pale, karibu na kioo. Kioo hakikupata hata mkwaruzo."

Hospitali walitupa chumba kidogo chenye viti vitatu. Daktari mwanamke, mpole, aliuliza marehemu alikuwa anatumia dawa gani. Wifi akatoa kadi. Daktari akaisoma kuanzia juu, na nikaona jicho lake limesimama.

"Saa moja asubuhi na saa moja jioni? Kila siku?"

"Kila siku. Bila kukosa."

Daktari akaweka kadi magotini. Akaeleza taratibu, kwa maneno karibu yaleyale ya mfamasia, kwamba dawa hii inataka nafasi, kwamba toka saa nane mchana hadi saa moja asubuhi ni saa kumi na saba na mwili unazihitaji zote, kwamba mtu akiijaza damu yake saa zote dawa inageuka maji, na hata kile cha chini ya ulimi kinaweza kupungua nguvu. Wifi alisikiliza bila kupepesa. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, bega kwa bega. Nilingoja ageuke anitazame. Hakugeuka.

"Nani aliwapangia saa hizo?" daktari akauliza.

"Mimi," akasema wifi. "Nilipanga mimi."

"Mama, mishipa yake ilikuwa imeharibika sana. Huenda ingetokea hivihivi. Siwezi kukuambia kwamba ni kwa sababu ya saa."

"Unaweza kuniambia kwamba si kwa sababu ya saa?"

Daktari akamshika mkono. Wifi akauacha ushikwe kama kitu kisicho chake.

Wiki zilizofuata sikujua la kufanya naye. Alilala mpaka mchana, akaamka akakaa ukingoni mwa kitanda na nguo za jana. Watoto wao walikuja, wakalia, wakarudi makazini kwao. Alikula ukimlisha, usipomlisha hakuuliza. Siku moja akaja mwanamke wa makamo amebeba mtoto mgongoni, mmoja wa wale wagonjwa wake wa zamani, akapiga magoti mbele yake akasema, "Mama Kadi, mimi ni mzima kwa ajili yako. Usingenikaba koo ningekuwa nimeoza." "Usiniambie maneno hayo tena," akasema wifi. "Nenda." Yule mwanamke akainuka akatoka kinyumenyume, haelewi amekosa nini, na mimi nikamsindikiza hadi barabarani nikishindwa kumweleza.

Nilimwambia mwezi wa pili. Si kwa ushujaa. Nilikuwa silali, na nilichotaka hasa ni mtu wa kunipiga. Nilimkuta karakanani, amekaa juu ya meza ya kukatia, miguu haifiki chini. Vumbi lilikuwa limeanza kushika vioo.

"Wifi," nikasema, "siku ile nilikuambia saa. Sababu sikukuambia. Mfamasia alinieleza waziwazi kwamba mwili unaizoea. Nilifika nayo hadi jikoni, nikaimeza."

Wifi akashika ukingo wa meza.

"Na ile Jumanne aliniuliza kama kaka anakunywa saa nane. Nikasema ndiyo. Nilikuja kwako nikiwa najua, nikakaa, nikatabasamu, nikaondoka."

Nikangoja. Nje mtu alipita anaburuta kitu cha bati. Wifi alikuwa anachezea nyuzi za blanketi zilizochomoka.

"Nitukane basi," nikamwambia. "Nifukuze. Sema chochote."

"Ungeniambia hiyo sababu nisingekusikiliza," akasema. "Ningesema mfamasia hajui kazi. Najijua mimi."

"Labda ungesikiliza."

"Labda." Alilisema neno hilo kama mtu anayeweka chini mzigo ambao atalazimika kuubeba tena baada ya dakika. Kisha akainua macho, mekundu, makavu. "Alikuja kwako dukani, siku zile. Alikuambia anameza?"

"Aliniapia."

"Ulimwamini?"

"Nilimwamini."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, na sauti yake ilipotoka sikuitambua.

"Mimi sikumwamini," akasema. "Mimi mkewe. Na amekufa anajua."